Viatu Vinavyotazama Barabara

Maître Ayoubu hakuwahi kuvua viatu akaviacha kama vilivyoanguka. Popote alipovulia, msikitini, matangani, mlangoni kwa jirani, hata penye chumba cha wagonjwa alimolazwa mwaka wake wa mwisho, aliinama, akavishika visigino, akavigeuza ncha zikatazama barabara. Kisha ndipo aliingia. Wanaume wenzake wa mji wa Kasongo walimtania kwa hilo tangu ujana wake.

"Ayoubu, nani anakufuata?"

"Hakuna mutu," alijibu. "Lakini mukimuona, muniambie."

Watu wengi walimjua kwa mashine yake ya kukoboa mpunga. Asubuhi wanawake walishusha magunia mlangoni kwake, na mpaka adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na vumbi jepesi la nafaka. Makapi, ambayo wengine huyachoma nyuma ya nyumba, yeye aliyashindilia magunia yakawa magumu, akayapanga chini ya paa la mabati kando ya mashine, akatandaza turubai juu yake na kulikaza kwa kamba. Hilo ndilo lilikuwa dojo la Kasongo, mahali pa kufanyia mazoezi ya judo. Baada ya sala ya alasiri mashine ilizimwa, Maître akajifuta vumbi usoni, akavaa kimono chake kilichogeuka rangi ya chai, akafundisha judo; ndiyo sababu aliitwa Maître, yaani mwalimu. Alikuwa ameisomea Bukavu, alikopelekwa na baba yake kujifunza biashara. Biashara, alisema, ilimpita pembeni.

Estelle alifika hapo akiwa msichana wa shule. Wazazi wake walikuwa wakulima huko Wamaza, naye aliishi Kasongo kwa mama yake mdogo, Mado, aliyeuza mafuta ya mawese sokoni. Njiani kwenda shuleni wavulana walizoea kumziba njia, wakimvuta kitambaa cha kichwa na kucheka. Siku moja Mado alimshika mkono akampeleka mpaka penye mashine.

"Nakuletea huyu," alimwambia Ayoubu. "Anatembea kama mutu anaomba barabara samahani."

Ayoubu alimtazama msichana, kisha akatazama sandali zake pale mlangoni. "Geuza viatu," alisema. Hilo lilikuwa somo la kwanza.

Masomo yaliyofuata yalikuwa ya kuanguka. Kuanguka mbele, kuanguka nyuma, kuanguka ubavu; kidevu kifuani, pumzi nje, kiganja kipige turubai kabla mgongo haujafika. Msimu mzima wa mvua hakuna mgeni aliyeruhusiwa kumshika mwenzake. Yassine, kijana mnene aliyeanza pamoja na Estelle, alinung'unika: "Tulikuja kujifunza kuangusha watu. Sasa tunashushwa sisi kama magunia ya mihogo."

"Gunia halilalamiki," Maître alimjibu. "Anguka tena."

Juu ya mambo yote ilikuwapo sheria moja. Ukimkaba mwenzako, au ukimnyoosha mkono mpaka kiwiko kikaribie mwisho wake, naye akakugonga kwa kiganja mara mbili, unaachilia papo hapo. Huulizi, hungoji. Kisha mnasimama, mnarekebisha kimono, mnainamishiana vichwa. Msimu wa mvua uliofuata Yassine alichelewa kidogo kuachilia, kwa majivuno tu. Maître alimkalisha pembeni mpaka mvua zilipokoma, kazi yake ikiwa kushona magunia yaliyopasuka.

Estelle alikua juu ya turubai lile. Wavulana wa njiani walimwachia njia bila yeye kumgusa mmoja wao. Ilitosha namna alivyokuwa akitembea sasa. Akamaliza shule, akasomea uuguzi, akapata mkanda wa kahawia, na akapewa kazi katika kituo cha afya huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Mado alilia. Ayoubu aliwaambia wateja wake, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, "Huyu hata Salamabila ataenda na atarudi. Miye nimemutayarisha."

Ilikuwa Jumapili, jua limeshuka lakini watu bado wanaonana sura. Estelle alitoka sokoni na mfuko wa unga, akapita njia ya mkato kandokando ya mashimo ya zamani ya wachimbaji. Wanaume wawili walikuwa wameketi juu ya kifusi. Mmoja aliinuka, akamshika kifundo cha mkono, akasema kwa upole kabisa, "Telefone, dada."

Estelle hakuamua lolote. Mwili ndio ulioamua. Mguu wake ulipita nyuma ya mguu wa yule mtu, bega likamsukuma, akaenda chini mgongo mzima. Kabla yule hajavuta pumzi, Estelle alikuwa ameubana mkono wake katikati ya magoti na kuunyoosha, kama Jumamosi jioni mbele ya Maître. Alihisi kiwiko kinakaribia mwisho.

Yule mtu akatapatapa kwa mkono wake mwingine, akitafuta mahali pa kujiegemeza, na kiganja chake kikampiga Estelle pajani. Mara mbili.

Estelle akamwachilia. Tena alisimama, akavuta blauzi yake ikae sawa, akainamisha kichwa.

Alikuwa bado ameinama wakati yule wa pili, ambaye hakuwa amesoma judo, alipomshukia kwa mpini wa beleshi. Mkono wa kushoto, aliouinua kujikinga, ulivunjika. Pigo likamtoa njiani, akatumbukia shimoni. Walipochungulia kumtafuta, Estelle alikuwa ameshatokea upande wa pili kwa njia ya kupandia ya wachimbaji, anakimbia kuelekea kituo cha pikipiki, na unga wake wote umemwagika. Simu, iliyomdondoka alipopigwa, ilibaki kwao.

Wenzake wa kituoni walimfunga mkono, na baada ya siku chache akapakiwa pikipiki hadi Kasongo, kwa Mado. Mado alisikiliza habari mpaka penye kuinamisha kichwa. Hakungoja zaidi. Alitoka na mafuta ya mawese bado mikononi, akaenda mpaka kwenye mashine.

"Ayoubu! Mutoto alimukamata mwizi, akamushika sawasawa, kisha akamuachilia juu ya adabu. Akamusalimia! Ni wapi mwizi anasalimiwa?"

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu na mpunga wao waliangua kicheko. Kisha wakauona uso wa Ayoubu, wakainamia magunia yao.

"Mukono gani?" aliuliza.

"Wa kushoto."

Akazima mashine. Mchana ule alilifungua turubai, akalikunja, na wanafunzi walipofika akawaambia warudi makwao. "Nimewafundisha mchezo, mukafikiri ni ngao," alisema. "Miye pia nilifikiri hivyo."

Yassine, ambaye siku hizo aliendesha pikipiki kati ya Kasongo na Lusangi, ndiye aliyemletea Estelle habari.

"Maître anafunga. Magunia ya makapi anawapa wenye kuku."

"Na weye ulimwambia nini?"

"Miye? Alinyamaza, miye pia nikanyamaza. Unamujua akinyamaza."

Estelle alikaa na habari hiyo jikoni kwa Mado, mkono ukiwa kwenye plasta, akitazama chungu kinavyochemka. Siku hizo wasichana wadogo walikuwa wengi pale kwa Maître kuliko wakati wake, na kila mmoja alikuwa na barabara yake anayoiogopa. Aliona kwamba wakikosa mahali pa kwenda, sababu itakuwa yeye. Na kulikuwa na jambo ambalo Mado hakungoja kulisikia.

Kesho yake alimkuta Maître chini ya paa, anakata kamba za magunia kwa kisu. Estelle alivua sandali kwa mkono mmoja, akazigeuza kwa shida, akakaa juu ya gunia lililobaki.

"Inauma?" Ayoubu aliuliza bila kuinua macho.

"Kidogo."

"Ningekufundisha kuvunja. Ningekufundisha usimusikie mutu."

"Mama mudogo alikuelezea nusu, Maître. Hakuuliza vile nilianguka."

Kisu kikasimama. "Ulianguka?"

"Ndani ya shimo. Lenyewe ni refu kupita hii paa. Na chini iko mawe."

"Ulifika na mugongo?"

"Na bega. Nikaviringika."

"Kidevu?"

"Kifuani."

"Mukono uliobakia?"

"Ulipiga chini. Angalia." Alimwonyesha kiganja, ngozi mpya bado nyekundu.

"Pumzi?"

"Niliitoa."

Alikuwa akimtazama sasa kama alivyowatazama siku za mtihani wa mkanda, kichwa kimeinama upande mmoja, akitafuta kosa.

"Mwezi uliopita," Estelle alisema, "walituletea mutu alianguka mule ndani ya shimo. Mwanaume, na nguvu zake zote. Shingo ilikuwa imevunjika. Ni miye nilimufunika shuka. Wakati niko naenda chini sikufikiri kitu, Maître. Ile mwili ulifanya, uliifanya yenyewe. Msimu muzima tulikuwa tunakuchukia juu ya kuanguka."

Mtaani mtu alipita akiuza ndizi, sauti yake ikaja na kuondoka.

"Na kumwachilia yule mutu?" Ayoubu akauliza.

"Nimelifikiria sana. Kule kazini, mugonjwa akinigusa mukono juu ya maumivu, naacha kwanza, ndiyo naangalia. Wenzangu wengine hawaachi. Miye nilijifunzia hapa. Ukinitoa ile, utakuwa umenitoa na kazi."

"Na yule wa mupini?"

Estelle alitaka kumwambia neno la kumfariji, lakini hakulipata lililokuwa la kweli.

"Yule hukutufundisha."

"Kweli," alisema Ayoubu. "Yule sikuwafundisha." Akageuza kisu mkononi. "Kisha ulipigana tena?"

"Hapana. Nilikimbia."

"Uligeuka kuangalia nyuma?"

"Hata kidogo."

Hapo Ayoubu alicheka, kicheko kidogo cha puani, cha kwanza tangu Mado afike na mafuta yake. "Hawa vijana wote wanangojea siku ya kupigana," alisema. "Weye ndiye umepigana, na kitu kimekurudisha ni kuanguka na mbio." Akaichukua kamba aliyokwisha kuikata, akazitazama ncha zake mbili, akaanza kuzifunga fundo.

Turubai lilirudi mahali pake wiki ile. Sheria ya kuachilia haikuguswa. Lakini Jumamosi pakawa na zoezi jipya: wawili wakishikana chini, Maître alimpa mtu wa tatu gunia lililokunjwa kama rungu, aingie kutoka upande wowote bila salamu. Akiingia, wote wawili wanaachana, wanapiga kelele, wanarukia viatu vyao mlangoni na kukimbia mpaka barabarani penye watu. Aliyevikuta viatu vyake vimetazama ndani alipigwa gunia mgongoni akiwa bado anahangaika navyo.

Majirani walileta viti ili watazame. Yassine aliona aibu.

"Maître, watu wanasema wanajudo wa Kasongo wanafundishwa woga."

"Waache waseme. Lakini weye uko unakimbia polepole."

Estelle alikaa mpaka plasta ikatolewa, akarudi Salamabila. Njia ya mkato aliiacha. Mkono ulipona ukiwa umepinda kidogo, na siku za mvua humkumbusha. Anasema hauchukii. Mara nyingine, akimfunga mgonjwa bandeji, huutazama na kumshukuru Mungu kwa mtu mmoja aliyemwangusha jioni baada ya jioni mpaka ardhi ikamzoea.

Aliporudi Kasongo kwa likizo, miaka kadhaa baadaye, Ayoubu alikuwa ametolewa hospitali. Miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka. Mashine iliendeshwa na mkewe Aicha, na wanafunzi walikuwa mikononi mwa Yassine. Alikaa barazani kwenye kiti. Miguuni pake viatu vyake, ambavyo havikumwingia tena, vilikuwa vimetazama barabara.

Asubuhi ya kuondoka Estelle alipita kuaga. Pikipiki ilikuwa inamngoja, ikinguruma, naye akavua sandali mbio mbio mlangoni, moja huku moja kule, akaingia ndani kumpa Aicha dawa na kumweleza saa za kumnywesha mzee. Walizungumza kidogo, wakalia kidogo, kwa sababu wote wawili walijua. Habari ya msiba ingemfikia Salamabila kabla ya mavuno ya mpunga.

Alipotoka, Ayoubu alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, anahema kama mtu aliyepanda mlima, jasho kwenye paji. Sandali zake Estelle zilikuwa pamoja kizingitini, visigino vimegusana, ncha zimetazama barabara. Alizivaa taratibu. Akamshika Ayoubu mkono kwa mikono yake yote miwili. Ayoubu alingoja pumzi imrudie.

"Leo nimekugeuzia miye," alisema. "Siku ingine, mama, utageuza mwenyewe."