Neno Laini pale Kituoni

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale kituo cha treni cha Kolwezi, wakati majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa warudi kwao. Walilala kwenye saruji wiki nzima, godoro juu ya godoro, wakingoja mabehewa. Tata Mukendi, jirani yetu, alikuwa na binti mwenye homa ya mapafu.

Nesi wa misheni, mama wa Uingereza, alimpima mtoto. Mimi nilitafsiri, kwani nilikulia Kitwe, ng'ambo ya mpaka, na Kiingereza changu nilikionea fahari. Nesi akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa kidogo mtoto asubiri treni nyingine, kama haitawasumbua.

Kule Kitwe, mtu aliyekataa jambo alikuambia usoni: usiende. Basi nikamwambia Tata Mukendi, "Anapenda tu musubiri. Ni juu yenu."

"Kama ni kupenda tu, twende," akasema. "Nyumba yangu wameshaingia. Hapa hawatutaki tena."

Tata Mwape, mpishi mzee wa misheni, alinisikia. Akaweka chini sufuria ya uji.

"Weye mutoto, kule Kitwe ulijifunza maneno, haukujifunza batu. Mi nimepikia bazungu hawa tangu ningali na meno yote. Ule mama akisema 'kidogo', ni kama mi nakukamata ku shati. Umemuuliza ule mama, mutoto akienda itakuwa namna gani?"

Sikuwa nimeuliza. Nikarudi kwa nesi, nikauliza. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kulisema hilo.

"Atafia njiani," akajibu, kwa sauti ile ile ya chini.

Nilikimbia, mwanangu. Binti alikuwa ameshapandishwa juu ya behewa la wazi, amefunikwa kitenge. Nikamwambia baba yake maneno yote, bila kupunguza. Akanyoosha mikono, akamshusha.

Waliondoka na treni ya baadaye. Binti alipanda kwa miguu yake, akanitolea ulimi.

Leo nawe unafanya kazi na watu waliojifunza lugha moja katika nchi mbalimbali. Usipime moyo wa mtu kwa sauti ya nyumbani kwenu. Yuko anayekataa kwa kufoka, yuko anayekataa kwa kunong'ona. Usipojua, uliza: tukifanya hivi, kutatokea nini? Wala usione aibu kurudi kuuliza.

Mungu akupe sikio la subira, na miguu ya kuwahi behewa kabla halijaondoka.