Karai la Mama

Nilikuwa na miaka tisa baba alipokufa, shida zikaanza. Mama akawa anakaanga maandazi Gongo la Mboto. Alasiri moja wateja wamejaa, iliki inanukia, jumuiya ya kanisani ikaja kusali kwetu. Mama akaepua karai.

“Mama, wateja wanaondoka!”

“Waende. Kaa chini, tusali.”

Nikajua hapo ndipo umaskini wetu unapotoka.

Jumamosi iliyopita zamu ya jumuiya ilikuwa kwangu. Nilirudi kutoka dukani nikakuta wameshamaliza. Binti mmoja akanipokea getini, geti langu mwenyewe: “Shikamoo mzee. Umemfuata nani?”

Nimechoka. Nina nyumba mbili Tabata, maduka matatu na lori, vyote kwa jasho langu. Karai la mama ninalo pia. Yeye alijua wakati wa kuliepua, mie bado.