Njegere za Msiba wa Su

Ukungu bado haujapanda kutoka bondeni Mgeta. Wanawake wenye matenga ya karoti kichwani wanateremka njia ya utelezi kuelekea sokoni. Wakifika kona ya nyumba ya Bibi Yustina, wanapunguza mwendo.

Pale, juu ya mkeka, ameketi mwanamke wa Kichina aliyevaa gauni jeupe la pamba, nywele hajazichana, beseni la njegere mbichi mapajani. Anamenya. Hasemi neno.

"Su, umeamkaje?" anauliza mmoja.

Kimya. Ganda linapasuka, njegere zinadondoka.

"Muache, yuko kazini," mwenzake anamkumbusha. Anatua tenga, anachuchumaa, anachota njegere kwenye beseni na kumenya naye kidogo. Kisha anajitwisha mzigo wake na kuendelea na safari.

Hiyo ndiyo kazi ya Tang Suyun, mwenye umri wa miaka arobaini na moja. Siku za wiki ni mkalimani katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, ambako amepanga vyumba viwili jirani na Msamvu. Mwisho wa wiki hudandia lori tupu la Fuso linalopanda milimani kufuata kabichi, na huku juu anakuwa msanii.

"Mchoraji ana rangi, mimi nina mwili wangu," alieleza jana jioni kwa Kiswahili kilichokolea lafudhi ya Morogoro. "Nafanya jambo dogo la kila siku mbele ya watu, kwa muda mrefu kuliko kawaida, mpaka mtu alione upya."

Kwao alianza sanaa hii akiwa chuoni. Aliwahi kufagia ngazi moja tangu asubuhi hadi jua kuzama. Kaka yake, Guoping, mfugaji wa kondoo, alipomwona aliiita sanaa hiyo uvivu uliopewa jina.

Hapa nchini mwanzo haukuwa laini. Mara ya kwanza alisimama stendi ya Msamvu akiwa amekumbatia begi lisilo na kitu, kimya, kanuni yake ikiwa asifungue mdomo hata iweje. Wapiga debe wakamgombea. Aliyeshinda akambeba na begi lake hadi ndani ya basi.

"Nilizungumza tulipofika Dumila, mbali na mji," Su alisema na kucheka hadi akafuta machozi.

Lakini kazi iliyobadilisha maisha yake ni hii ya njegere, na ilianza kwa kosa.

Ilikuwa mwaka juzi. Su alimwomba Bibi Yustina, mama wa ukoo mwenye nyumba hii ya pembeni mwa njia, nafasi ya kutandika mkeka. Alitaka tu kumenya njegere kimya na kuona nani ataketi naye. Hakueleza zaidi, na Yustina, aliyekuwa akiwahi shamba, hakuuliza zaidi.

Aliporudi mchana, alikuta ua umejaa watu.

"Hapa kwetu mwanamke akikaa mkekani, nywele hazijachanwa, hasemi, huulizi," anasema Yustina. "Unaleta unga kwanza. Maswali baadaye."

Unga ulikuwa umeletwa, na kuni, na kuku wawili. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga na kuanza rozari. Wanaume walikaa upande wao kwenye mabenchi, wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Mimi nikaona sanaa yangu imefanikiwa kupita kiasi," Su alisema. "Watu wote wale wamekuja kuketi nami! Sikujua wamekuja msibani."

Ndipo akaingia Fidelis, mkulima wa viazi na mtani wa ukoo wa Yustina. Kwa Waluguru, mtani ana kazi yake kwenye msiba: huruhusiwa kukejeli, kunyang'anya chakula, hata kumwigiza marehemu, na hakuna wa kununa. Msiba usiotaniwa huwakalia watu kifuani.

Fidelis alijitupa mkekani, akajifunika kanga hadi usoni.

"Mimi ndiye marehemu!" akapiga kelele. "Mnanimenyea njegere kwani nimekuwa njiwa? Nyama iko wapi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Su naye akashindwa kujizuia. Akacheka kwa sauti, kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kimeshavunjika, akauliza: "Jamani, kwani nani amekufa?"

Hapakuwa na aliyecheka tena.

Mzee Tomasi, mmoja wa wanaume waliokuja, alisimama kutoka benchini. "Kuchezea msiba ni kuuita! Afungashe vitu vyake, asikanyage tena hapa."

Yustina akamwinulia mkono anyamaze, akachuchumaa mbele ya mgeni wake.

"Mama yako yuko hai?"

"Hapana, bibi."

"Ulimlilia?"

Su akaweka beseni chini, akaeleza. Mama yake alifariki mwaka ule ambao safari zilifungwa duniani. Alitazama mazishi kwenye simu, mtandao ukakatika jeneza likiwa bado juu ya ardhi. Siku ya pili akaenda kiwandani kama kawaida. Hakumwambia mtu. Njegere ndiyo kazi aliyozoea kufanya na mama yake, magoti yakigusana. Gauni jeupe ndilo vazi la kufiwa la kwao.

Alipomaliza kueleza, Yustina alimshika mabega.

"Basi, mwanangu, msiba ulikuwepo. Ni wewe tu ulikuwa hujaambiwa."

Mzee Tomasi akarudi kukaa. Kuku wakachinjwa. Su alilia siku hiyo mpaka sauti ikamkauka, na wanawake ambao hawakuwahi kumwona mama yake walilia naye.

Tangu hapo hurudi kila msimu wa njegere. Kijiji sasa kinajua ni kazi yake, na kinajua pia si kazi tu.

Kilichobaki ni kaburi. Su hajawahi kufika. Guoping hajamsamehe kwa kukosa mazishi, na tangu siku ile hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake. Juma lililopita Su alimwomba jambo moja kwa ujumbe: atazame kazi hii kwa simu, mwanzo hadi mwisho. Alikubali kwa neno moja.

"Akikata kabla njegere hazijaisha, nitajua sina ruhusa ya kwenda kwa mama," Su alisema jana jioni.

Leo simu imeegemezwa kwenye jiwe, mbele ya mkeka. Uso wa mwanamume mwenye mvi, aliyevaa kofia ya manyoya, unatazama bila kupepesa. Beseni limefika nusu. Hajakata.

Ndipo anaingia Fidelis.

"Huyu ndiye mjomba?" anainamia simu, akimwita kaka wa Su kwa cheo chake cha ukoo. "Mjomba gani hata kuni hajaleta! Dada yako tumemlea sisi, wewe umejifunika manyoya! Lete ng'ombe, mjomba, tumechoka na njegere!"

Wanawake wanaziba midomo. Kwenye simu, uso unakunjamana. Guoping anauliza kitu kwa Kichina. Mkono wake unasogea karibu na kioo, kama wa mtu anayetaka kukata.

Su anatazama beseni. Kanuni ni kunyamaza hadi mwisho.

"Mtafsirie," anasema Yustina. "Mkalimani atanyamazaje msibani?"

Su anatafsiri, neno kwa neno, hadi kwenye ng'ombe.

Guoping anavua kofia na kufunika nayo uso. Mabega yanamtikisika. Anapoiondoa, macho ni mekundu na meno yako nje.

"Anasema ng'ombe hana," Su anatafsiri. "Ana kondoo."

"Kondoo tunapokea!" Fidelis anajibu.

Guoping anasema jambo la mwisho, taratibu. Su anaishika simu kwa mikono miwili na hatafsiri. Baadaye tu ndipo anawaeleza wenzake: mwezi wa nne kwao ni wakati wa kusafisha makaburi, na kaka amesema, "Njoo, tumsafishie mama."

Atakwenda. Ameshaomba likizo akilini, anasema, bado kuomba kiwandani. Atatandika mkeka kando ya kaburi na kumenya njegere na kaka yake, magoti yakigusana. Kinachomtia wasiwasi ni kimoja: kule hakuna mtani.

"Basi kajitanie mwenyewe," anasema Fidelis. "Lala hapo nikufundishe."

Su anajinyoosha mkekani, anajifunika kanga hadi usoni. Wanawake wanasogea. Kanga inaanza kutikisika.

"Su!" Fidelis anafoka. "Marehemu hacheki! Anza upya."