Msusi wa Berea na kichwa kilichokwenda Ulaya

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai bado imekaa kwenye mitaa ya Berea, jijini Johannesburg, kama mgeni asiyetaka kuaga. Célestine Nabintu anainua mlango wa chuma wa saluni yake, anawasha hita ndogo, anapangusa kiti pekee alicho nacho. Kabla hajagusa chanuo, anatoa simu mfukoni na kuikodolea macho.

Kuna picha imeingia kutoka Viena. Wanafunzi ishirini wa sekondari wamesimama mbele ya kasri la wafalme wa kale, na nyuma yao bustani imechanua maua ya kila rangi. Mwingine angeangalia kasri. Célestine anaikuza picha kwa vidole viwili mpaka kasri lote linatoka nje ya kioo, kinabaki kichwa cha msichana mmoja wa mstari wa nyuma.

"Bado ziko," anasema. "Hajazigusa."

Anazungumzia nywele. Msichana huyo ni Héritière, mwanawe wa pekee, miaka kumi na saba, aliye katika ziara ya siku kumi na mbili pamoja na darasa lake la historia. Wameanzia Roma na Florence, leo wako Viena, kisha Praha, Brussels na mwisho Paris. Wazazi wengine huzipokea picha hizo wakashangilia. Célestine huzipokea kama mtu anayekagua noti ya bandia.

Hata mwandishi wa makala haya hakuachwa. "Nani amekutuma? Uko mutu wa Home Affairs, bale ba vibali ya wageni?" aliuliza, akakishika kitambulisho cha kazi, akakigeuza mbele na nyuma, kisha akampa mteja aliyekuwa kitini naye akisome.

Mteja huyo, Zubeda, mwenyeji wa Tanga anayeuza vitenge mtaa wa pili, alikisoma polepole na kichwa chake kimesukwa upande mmoja. "Hebu mwache akae, Mama Héritière," alisema. "Watu wa serikali hawavai viatu vilivyochoka namna hiyo."

Ndipo mwandishi akapewa ndoo ya kukalia.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Célestine ameumwa zaidi ya mara moja. Alitoka Bukavu mwaka 1999, mjane, mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Walipanda malori, wakalala mipakani, hadi wakatua Hillbrow, jirani na Berea. Huko alianza kusuka watu barabarani, karibu na robot, taa za kuongozea magari, akaendelea mpaka akakodi chumba cha saluni.

Mei 2008 watu waliokuwa wakiwafukuza wageni waliingia saluni hiyo mchana kweupe. Walibeba vioo, mashine ya kukaushia nywele, hata pakiti za rasta. "Mwanamuke aliyebeba kiti changu nilimusuka bure siku ya arusi yake," anasema Célestine. "Alinitazama machoni, akaendelea kutembea na kiti."

Tangu hapo hamwamini mtu kwa urahisi. Jirani akimletea chakula, anamwomba aonje kwanza, halafu anacheka kana kwamba ni mzaha. Si mzaha.

Kwa hiyo Februari mwaka huu Mwalimu Moodley, anayefundisha historia katika shule ya mtaa wa Observatory anakosoma Héritière, alipopanda mwenyewe hadi Berea kutoa habari njema, alipokewa kwa maswali. Wanafunzi wa zamani wamelipia nafasi mbili za ziara, alisema mwalimu, na moja imekwenda kwa Héritière kwa kuwa anaongoza darasa.

"Nilimuuliza, kwa nini mutoto wa mukimbizi? Watoto ba wenyeji baliisha?" anakumbuka Célestine. "Akaniambia, 'Mama, ameongoza darasa, basi.' Nikasema sawa. Lakini haikuwa sawa."

Mwalimu naye alikuwa na wasiwasi wake, na aliusema wazi katika kikao cha wazazi. Ilichukua miezi kupata hati za safari na viza kwa watoto wasio na pasipoti. Mmoja tu akipotelea Ulaya, alionya, hakuna mtoto mkimbizi wa shule hiyo atakayepewa viza tena. Célestine anasema alipomaliza kusema hivyo, macho ya ukumbi mzima yalimgeukia yeye.

Nao hawakujua habari za Yolande.

Yolande ni mdogo wake Célestine, tumbo moja. Ana miaka kumi na mitatu Brussels, ana makaratasi, ana nyumba yenye chumba kitupu. Kila Jumapili hupiga simu, na kila simu haikosi neno lile lile: nipe mtoto, nimsomeshe huku. Kila mara Célestine hujibu kwamba mtoto si sufuria ya kuazimana. Ilipotangazwa kwamba ziara itapita Brussels, Yolande alifurahi sana. Kisha, wiki mbili kabla ya safari, Jumapili zikawa kimya.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema Zubeda kutoka kitini. Célestine anamgonga begani kwa chanuo, lakini hambishii.

Kilichomvunja moyo hasa kilitokea hapa hapa saluni, siku moja kabla ya ndege. Héritière aliketi na kuomba asukwe rasta ndogo, ndogo kabisa.

Ili kuelewa kwa nini ombi hilo lilimshtua mama, yafaa kujua kidogo kazi yenyewe. Rasta nene husukwa kwa saa mbili, na baada ya wiki mbili zimeshalegea, mteja hana budi kurudi kitini. Rasta ndogo hukaliwa kitini kutwa nzima, kwa randi mia mbili na hamsini, lakini mteja hukaa nazo miezi mitatu. Anayeziomba, anasema Célestine, ama ana arusi, ama hajui lini atakaa tena mbele ya mkono anaouamini.

"Safari ya siku kumi na mbili, nywele za miezi mitatu," anasema. "Mama yangu alinisuka vile vile, siku moja kabla nitoke Bukavu. Hakusema kitu. Alisuka ndogo, ndogo, mpaka jua likaisha. Sikumuona tena."

Je, alimuuliza binti yake?

"Sikuuliza. Nilisuka." Anachambua rasta mezani. "Nilikuwa naogopa atajibu kweli."

Na kwa nini hakumzuia? Anacheka kicheko kisicho na furaha. Angemwambia nini mwalimu, kwamba safari imevunjwa kwa sababu ya nywele?

Jumanne mwandishi aliporudi saluni, picha ya Brussels ilikuwa imeingia. Uwanja wa kale, majumba yaliyonakshiwa dhahabu, wanafunzi wakicheka. Célestine alihesabu vichwa, akahesabu tena. Akampa Zubeda simu ahesabu yeye. Vilikuwa kumi na saba, na cha Héritière hakikuwamo.

Alimpigia Mwalimu Moodley papo hapo. Mwalimu alimtuliza: wamepewa muda wa kutembea kwa makundi, Héritière yuko na wenzake wawili, basi la Paris linaondoka saa tisa. Ilipofika saa tisa na ushei ukaja ujumbe mfupi kwamba wote wamo garini. Haukuja na picha.

"Wote ni nani?" Célestine aliuliza, kama vile simu ingejibu. "Kwa nini leo hakuna picha?" Mteja aliyekuwa akingoja alishauriwa aje kesho, maana msusi hakuiachia simu tena.

Siku iliyofuata picha za Paris zilikuja, na Héritière alikuwamo. Zubeda alipiga vigelegele. "Si huyo hapo, shoga! Haya, sasa nisuke."

Célestine hakuinua mikono. Katika kila picha binti yake alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, kofia ambayo mama mtu hakuwahi kuiona. Wenzake wote walikuwa na fulana za mikono mifupi. "Julai kwao ni jua kali," alisema. "Kofia ya nini? Ile kichwa wamekifanya nini?"

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku mbili zile Célestine aliwaza kila linaloweza kuwazwa: kwamba Yolande amemfuata Paris, kwamba nywele zimebadilishwa ili asifanane na picha ya hati, kwamba atachomoka uwanja wa ndege, dakika ya mwisho, wenzake wakiwa kwenye foleni. Kila wazo alimwambia Zubeda, na kila wazo Zubeda alilitafutia dawa, lakini hakuna iliyoponya.

Ijumaa saluni haikufunguliwa. Célestine alikwenda uwanja wa ndege mapema, akasimama nyuma ya nguzo. Alitaka, anasema, amwone binti yake kabla binti yake hajamwona, asome uso usiojua kwamba unatazamwa.

Walitoka mmoja mmoja na masanduku yao. Wazazi waliimba. Wa mwisho kabisa, nyuma ya Mwalimu Moodley, alitoka msichana mwenye kofia ya sufu.

Mama hakumkumbatia. Alimwendea moja kwa moja, akaishika ile kofia na kuivua mbele ya umati.

Upande wa kulia wa kichwa rasta ndogo zilikuwa zimelala kama alivyozisuka, hakuna hata moja iliyolegea. Upande wa kushoto hapakuwa na rasta. Nywele zilisimama timutimu, zimefumuliwa kuanzia sikioni hadi katikati ya utosi, na pale katikati zimekomea.

"Nani amefumua?"

"Tantine Yolande," alisema Héritière, akaanza kulia.

Mengine aliyasema saluni, kitini, akimtazama mama yake kwenye kioo. Kwa kawaida husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, akitafuta maneno.

"Nilikuwa nataka kubaki, mama. Tulipanga na tantine kwa simu. Aliniambia shule iko, chumba iko, hakuna mtu atakuja kunichoma kule."

Mama aliweka chanuo mezani.

"Na nywele?"

"Nilitaka mkono yako ikae na miye. Miezi tatu." Alijifuta pua kwa kofia. "Pale Brussels niliacha wenzangu kwa duka, tantine akanichukua. Kule kwake akanikalisha. Akasema hizi zinaonyesha nimetoka Afrika juzi, atanitengenezea za kwao. Akafumua. Nilikuwa naona zinaanguka chini, moja, moja, nanyamaza. Ilifika hapa katikati, nikashindwa. Nikasema, tantine, acha. Nikabeba kofia yake, nikakimbia. Basi ya Paris ilikuwa imewasha injini tayari."

Zubeda alichukua fagio, akafagia sakafu iliyokuwa safi.

Mwandishi alimpigia Yolande siku iliyofuata. Hakukana kitu. "Mimi si mwizi wa watoto," alisema. "Mwaka 2008 nilikaa siku nne nikitazama Johannesburg inaungua kwenye televisheni, sijui kama dada yangu ni mzima. Ungekuwa wewe, mtoto akifika mlangoni kwako, ungemrudisha?" Alisema Héritière alipokimbia, yeye alibaki na chanuo mkononi, akalia mpaka jioni.

Célestine aliposomewa maneno hayo alikasirika, akapiga meza, kisha akaomba asomewe tena. "Siku nne," alirudia polepole. "Hakuniambia ile."

Hakatai kwamba Brussels ingekuwa na faida zake. Karatasi zake za ukimbizi huzisubiri kwenye foleni ndefu kila zinapokwisha muda, na kila mwaka anasikia mtaa fulani umechomwa. Kinachomuuma ni njia. "Nilimulea aende," anasema. "Mutoto halelewi akae. Lakini aage! Asinikalie hapa kitini kutwa, anisikilize nikiimba, kumbe ananiaga na sijui."

Héritière ameagizwa asimulie kweli yote kwa Mwalimu Moodley mwenyewe, na amekwisha kufanya hivyo. Mwalimu alikaa chini kwanza. Kisha alisema watoto ishirini waliondoka na ishirini wamerudi, na kwamba mwakani ataomba tena nafasi kwa ajili ya watoto wakimbizi.

Célestine naye ana mpango. Anataka kuomba hati yake mwenyewe ya safari, afunge saluni kwa mwezi mmoja, aende Brussels na binti yake akishamaliza shule. Wataketi watatu katika kile chumba kitupu. Kama Héritière atataka kubaki huko, ataaga mchana, mlango ukiwa wazi. Na Yolande atakalishwa kitini, asukwe na dada yake kama zamani kwa mama yao.

Jumatatu asubuhi mwandishi alipopita kuaga, kazi ilikuwa inakwisha. Rasta ndogo za upande wa kulia zilikuwa zimefumuliwa zote, zimefagiliwa pembeni. Héritière alikuwa ameinamisha kichwa, akimweleza mama yake juu ya makanisa ya Roma, na mama akiuliza mambo aliyokuwa hajayauliza: mawe yale ni ya rangi gani, watu wanakula nini.

Je, sasa anamwamini mwanawe?

Célestine alifunga ncha ya rasta ya mwisho, akaichovya katika maji ya moto, akaikausha kwa kitambaa. Alimgeuza binti yake na kiti chake, mwandishi aone vizuri.

"Kumuamini?" alisema. "Nimemusuka nene."