Gari Hutazamwa kwa Kiganja

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Chekeni tu, wajukuu zangu, hata mimi nacheka. Viatu vyeupe, Kisenyi ya Kampala, kwenye gereji ambayo ardhi yake ilikuwa imekunywa oili mpaka ikasahau rangi ya udongo! Dada yangu, aliyekuwa akiuza nguo soko la Owino, ndiye aliyenishauri. "Ukienda kuomba kazi, vaa vizuri," alisema, wala hakuuliza ni kazi gani.

Mwenye gereji, ambaye sote tulimwita Hajji, alinitazama kuanzia viatuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, kitambaa cha bluu nilichotoka nacho kwetu Bungoma, Kenya.

"Nyabo," akaniita kwa upole, kama Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "wanaopika chakula wako upande ule."

"Sikuja kupika, Hajji. Nimekuja kupaka magari rangi."

Wanaume waliokuwa chini ya magari walitoka wote kuja kunitazama na kunicheka. Aliyebaki bila kucheka ni Fundi Mkuu, mtu mfupi, mkavu wa maneno. Alinipeleka kwenye mlango wa gari uliokuwa umeshapigwa puti, yaani ule unga mzito unaokorogwa na kupakwa ili kuziba mabonde kwenye bati, na ukasuguliwa tayari.

"Funga macho," akasema. "Pitisha kiganja. Polepole, kana kwamba unambembeleza mtoto. Ukipata kitu, sema."

Nikapitisha. Karibu na kitasa, kiganja kikashuka kidogo, kadogo sana. "Hapa," nikasema. Fundi Mkuu akapapasa naye, akaguna, akawageukia wale wenye kucheka. "Na nyinyi mliniambia mlango huu umekwisha!" Kisha akanikabidhi kipande cha msasa. "Gari hutazamwa kwa kiganja, binti. Jicho hudanganywa na mwanga." Viatu vyangu vilikuwa vyeusi kabla ya adhuhuri, na kazi nilikuwa nimeipata.

Vijana wa siku hizi wanadhani kupaka gari rangi ni kushika bunduki ya rangi na kunyunyiza. Hapana, jamani. Kunyunyiza ni sherehe tu. Harusi haianzii kwenye keki. Kwanza unaosha gari kwa sabuni, kisha unalifuta kwa kitambaa chenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ili mafuta yote yatoke, maana rangi na mafuta hawakai nyumba moja. Unasugua kutu mpaka bati ling'ae. Unaziba, unasugua tena, kwanza kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini wa maji. Unafunika vioo, taa na magurudumu kwa magazeti. Unapiga praima, ile rangi ya kijivu ya chini inayoshika bati. Unasugua tena! Fundi Mkuu alikuwa akisema, "Ukichoka kusugua, ndiyo umefika nusu." Nilimchukia kwa maneno hayo, na leo ninayasema mimi.

Nilipokwisha kuaminiwa kushika bunduki ya rangi, alikuja pale gereji dereva mmoja wa jeshi, Mwacholi mrefu, jina lake Okot. Alikuwa amenunua saluni kuukuu, gari dogo la milango minne, akiipenda kupita kiasi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kisichosumbuliwa na sarufi.

"Nataka nyinyi napaka gari yangu bluu," akasema.

"Bluu gani?" nikamuuliza. "Kuna bluu nyingi."

Akanitazama kichwani. "Kama hiyo kitambaa yako."

"Hii haiko dukani. Itabidi niichanganye kwa mkono."

"Basi changanya. Mimi nangoja hapa." Na kweli alingoja. Alirudi kila alipopata ruhusa, akaketi juu ya tairi, akidai anakagua rangi. Hajji akanong'ona, "Nyabo, huyu hakagui gari." Nilikoroga bluu, nikaongeza nyeupe kidogo, tone la nyeusi, nikavua kitambaa na kukilinganisha juani, mpaka vikafanana. Gari lilipotoka, Okot alilizunguka, kisha akaniomba twende tukanywe soda. Ndiye babu yenu huyo.

Baadaye nilihamia karakana ya serikali. Huko bosi wangu alikuwa Afande Msimamizi, na huyo alinifundisha kuogopa. Siku moja alimkuta fundi amejifunga leso puani huku akipuliza rangi. Afande akasimamisha kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa.

"Hiyo nini?"

"Kinga, afande."

"Hiyo ni ya kufuta kamasi! Mapafu yako iko ngapi? Kuna spea dukani?" Akamkimbiza kuizunguka karakana nzima, kisha akamvalisha yeye mwenyewe barakoa ya vichujio, ile yenye vifuko viwili mashavuni, akamfungia kamba za nyuma kama mama amfungavyo mtoto. Tangu siku hiyo nimeyashika haya: barakoa ya vichujio, miwani ya kufunika macho, glavu, nguo ya mikono mirefu, hewa ipite, na moto ukae mbali. Mvuke wa thina hutambaa chini kwa chini na kuutafuta moto wenyewe. Na zile rangi za kisasa zinazochanganywa na dawa ya kugandisha, hizo ziacheni gereji zenye chumba maalumu na barakoa ya kuletewa hewa kwa mpira. Nyumbani msiziguse. Nawaambia kwa kuwa nawapenda.

Nikastaafu. Okot alikuwa amestaafu zamani, na tukatulia hapa kwetu Lubaga. Ile saluni tulikuwa tumeipaka nyeupe siku ilipoanza kazi ya speso, yaani teksi ya kukodi, ili kuwalipia mama zenu ada ya shule, na nyeupe ikabaki. Sasa ilikuwa imechakaa, imetoka madoa ya kutu. Mwaka huu ndipo macho ya babu yenu yalipoanza kuzimika. Presha ya macho, daktari alisema. Upasuaji ungeweza kuokoa kile kilichobaki, na ungeweza pia kushindwa. Tukapewa siku, Jumatatu, wiki mbili mbele.

Alikuwa akiona bado, lakini kwa karibu, katikati tu, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Jioni tulipotoka kwa daktari aliketi barazani akavua viatu. Kisha akasema, "Nafula, kabla ya Jumatatu mimi nataka kuona gari yangu na bluu yake."

Nilitaka kumwambia nimezeeka, mgongo unauma. Sikuthubutu. Niliogopa, kusema kweli, niliogopa sana. Mtu amekuomba jambo moja, na huenda ndilo la mwisho kwa macho yake, utasemaje mgongo?

Nikaazima kompresa na bunduki kutoka Kisenyi, kwa mtoto wa Hajji ambaye sasa ndiye Hajji. Nikainua zulia la buti, mle nyuma mnamowekwa mizigo, na chini yake, kwenye kona ambayo nyeupe haikufika, ile bluu ilikuwa hai. Moyo uliruka! Niliichanganya nikiifuata hiyo kona, rangi ya selulosi ya kizamani inayokauka upesi. Nilisugua wiki nzima. Babu yenu alisugua nami, kwa sababu msasa hauhitaji macho.

Ijumaa kukapambazuka jua safi baada ya mvua ya usiku, bila upepo. Nikamfuata jirani yetu Nnalongo, mama wa mapacha, nikamwomba ahamishe sigiri yake ya mkaa nyuma kabisa ya nyumba. "Kale," akakubali, akahamisha. Babu yenu nikamketisha barazani, mbali. Nikavaa vyangu vyote. Kisha nikafanya kitu tulichofanya Kisenyi kila siku: nikamwaga maji chini kuzunguka gari ili vumbi lilale. Nikaiwasha kompresa. Du-du-du-du, ikatetemesha ardhi pale karibu na ua.

Loo! Kisenyi ardhi ilikuwa imeshiba oili, mdudu haishi humo. Hapa ni udongo, na pale karibu na ua pana kichuguu. Mimi, binti wa Bungoma, niliyekulia kumwaga maji na kupiga vijiti juu ya vichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua inanyesha watoke tuwale, nilikuwa nimekipigia kichuguu ngoma kwa mashine!

Nilikuwa nimemaliza paa, milango na boneti, bluu inang'aa mbichi, machozi ya furaha yananilenga ndani ya miwani. Ndipo kitu kikatua juu ya boneti. Halafu kingine. Nikageuka, nikawaona wanapanda hewani kutoka ardhini, mamia ya mabawa yakimetameta juani, wote wanakuja kwenye rangi.

Nikazima kompresa. Nnalongo alikuwa amekwisha kuona. "Bannange, enswa!" akapiga kelele kwa Kiganda, jamani, kumbikumbi, akaja mbio na beseni mkono mmoja, na mkono wa pili, Mungu wangu, sigiri inayowaka ya kuwakaangia!

"Moto urudi!" nikapiga ukelele ndani ya barakoa. "Nnalongo, rudisha moto, tutalipuka!"

Alirudi nao kinyumenyume. Watoto wa jirani wakamiminika. Jogoo naye, asiye na adabu hata siku za kawaida, akarukia boneti akaanza kudonoa, akiacha nyayo zake juu ya bluu. Nilitaka kumfagia yeye na kumbikumbi kwa mikono yangu, lakini nikasikia sauti ya Fundi Mkuu kana kwamba amesimama nyuma yangu: "Rangi mbichi haiguswi. Mdudu akianguka, mwache afe. Ukimtoa, utatoa na rangi." Nikamfukuza jogoo tu. Kisha nikavua barakoa, nikaketi juu ya ndoo, nikalia kwa sauti.

Babu yenu akapapasa ukuta mpaka akanifikia. "Nini? Nani amekufa?"

"Kumbikumbi, Okot! Wamejaa kwenye gari yako, na Jumatatu ndiyo hiyo inakuja!"

Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha juu ya tairi Kisenyi, mpaka akajishika mbavu. "Kwetu," akasema, "wadudu hiyo ikikuja kwako bila kuitwa, ni baraka. Wewe umeita mpaka na mashine!" Nnalongo akacheka, watoto wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka na machozi yangu. Mchana huo tulikula kumbikumbi wa kukaanga kwa chumvi, na babu yenu akaomba aongezewe.

Jumamosi rangi ilikuwa imekauka. Nikapangusa mabawa kwa brashi laini, nikasugua boneti na paa kwa msasa wa maji, nyayo za jogoo na vyote. Rangi iliyobaki ilikuwa kidogo, ya kutosha koti moja jepesi, yaani mpako mmoja, hakuna kukosea. Jumapili kengele za kanisa kuu zilipolia kilimani, nilikuwa nimeweka kompresa juu ya matairi mawili kwenye saruji ya baraza la Nnalongo, mbali na kichuguu, na udongo wote nimeutandika maturubai badala ya maji. "Mungu ataelewa," babu yenu alisema. Koti lilipita, likatulia, likang'aa.

Alasiri, lilipokauka, nikamshika mkono nikampeleka. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mlango. Akalizunguka gari zima hivyo, kipande kwa kipande, akiitazama bluu yake kupitia kile kitundu kilichobaki. Alipomaliza akanyoosha mgongo, akanigeukia, akaweka kiganja chake kichwani pangu, pale palipokuwa na kile kitambaa. "Ndiyo yenyewe," akasema.

Kisha akafunga macho, akapitisha kiganja juu ya boneti, kama alivyoniona nikifanya maisha yangu yote. Karibu na kioo kiganja kikasimama.

"Nafula. Hapa iko mtu."

Nikapapasa. Kweli, bawa moja, jembamba, limelala chini ya koti la mwisho. Niliona aibu, fundi mzima! Nikaenda kuchukua msasa, lakini aliziba mahali pale kwa mkono.

"Acha. Kesho daktari akishindwa, mimi nitakuja hapa, nitagusa huyu, nitajua hii ni gari yangu na bluu yake iko."

Upasuaji uliliokoa jicho moja. Linaona vizuri kiasi cha kunikosoa kijiwe kikibaki kwenye mchele na kulalamika kwamba jogoo amenenepa. Watu huniuliza kustaafu kukoje. Nawaambia, ni kuzuri: mgongo unauma, mapafu ni mazima kwa hisani ya Afande, na kila asubuhi namsikia babu yenu akitoka nje kabla ya chai. Bluu ya gari anaiona hata kutoka mlangoni, kupitia kile kitundu chake. Hata hivyo hulifuata, hufumba macho, hupitisha kiganja karibu na kioo.

"Yuko?" namuuliza kutoka jikoni.

"Yuko," anajibu, na anakuja kunywa chai.