Aibu ya Bonareri

Bonareri aliolewa katika kijiji cha Gesima mwaka wa uhuru, na kufikia mwaka wa sabini na mbili boma lilikuwa limebaki kama kinywa cha mzee, pengo hapa, pengo pale. Mama mkwe alikuwa amezikwa nyuma ya ghala. Mume wake, Ratemo, alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Krismasi mbili alikuja, ya tatu hakuja. Waliosalia ni yeye, binti yake Kemuma aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, na baba mkwe, mzee Obwocha, katika nyumba yake ya nyasi ng'ambo ya migomba.

Watu wazima wawili, na hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Huko kwao baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala mke wa mwana hamkazii baba mkwe macho. Kila jioni Bonareri alifunika ugali kikapuni, akampa Kemuma apeleke, naye akasimama nyuma ya migomba kusikiliza.

"Kemuma!" mzee alikuwa akisema kwa sauti ya kufika mbali. "Mwambie aliyepika, mboga ya leo ina chumvi ya kumlambisha ng'ombe. Kwani nimeota pembe?"

Bonareri aliziba mdomo asicheke. "Kemuma, mwambie tata chumvi imeniponyoka," alisema, akimwita baba kwa Kigusii.

"Amesikia," Kemuma alijibu, akaenda zake kucheza.

Kuna siku maneno hayo ndiyo yalikuwa pekee ambayo Bonareri aliambiwa na mtu mzima tangu asubuhi.

Masika ya mwaka huo yalikuja na hasira. Paa la mzee likabomoka upande mmoja, maji yakaingia mpaka kitandani. Akahamia chini ya upenu wa ghala, na kikohozi kikahamia naye. Bonareri alimpelekea blanketi yake mwenyewe kwa mkono wa mtoto. Zaidi ya hapo hakujua la kufanya.

Hapo ghalani ndipo mama wa ustawi wa jamii alipomkuta mzee. Alikuwa mwanamke wa Taita, mpole, leso mabegani, aliyetembelea vikundi vya akina mama huko milimani. Aliona mzee amelowa, na hatua chache tu kutoka kwake nyumba ya mabati, kavu.

"Mama Kemuma, huyu ni nani wako?"

"Ni baba mkwe."

"Na nyumba ile?"

"Ni yangu."

Mama yule hakungoja zaidi. Alimshika mzee mkono, akamwongoza taratibu hadi mlangoni pa Bonareri. Mzee akaung'ang'ania mwimo kama mtu anayesukumwa motoni. Bonareri naye akamnyakua mtoto, akatokea mlango wa nyuma, akakimbilia jikoni.

Mama wa ustawi alimfuata huko, uso umebadilika. "Mbona unamkimbia?"

Kwa Kigusii jibu lilikuwa neno moja tu: ensoni. Bonareri akalitafuta katika Kiswahili cha shule, akamkumbuka mwalimu akiandika ubaoni: ensoni, aibu.

"Namwonea aibu," alisema, macho chini.

"Aibu? Mzee aliyekuzalia mume?" Hakufoka. Afadhali angefoka. "Basi mama, mjini masista wana nyumba ya wazee. Ijumaa nitakuja na gari. Huko hakuna atakayemwonea aibu."

"Wee Bonareri," jirani yake Kwamboka alimtania kesho yake walipokuwa wakichuma majani chai, "mzigo unakutoka na bado umenuna? Utapika kidogo, utalala mapema!"

Bonareri akaendelea kuchuma. Apike kidogo, halafu nani alalamike juu ya chumvi?

Jioni hiyo mzee aliita, "Kemuma, mwambie mama yako, nasikia masista wanajua kupima chumvi." Safari hii hakuna aliyeziba mdomo.

Ijumaa gari lilifika, watu wakiwa mbioni kujiandaa kwa Sabato inayoanza jua likizama. Mzee alikuwa ameshavaa koti. Bonareri akamwendea mama wa ustawi, vidole vikisokota ncha ya leso.

"Mama, nikuulize. Kwenu, ukikutana na baba mkwe njiani, unafanya nini?"

"Nampisha. Najitanda leso, naangalia chini."

"Kwa sababu humtaki?"

"Aa! Ni heshima hiyo."

"Basi. Sisi, kupisha kwetu hakuishii njiani. Hata nyumbani nampisha. Siku ile ukaona namkimbia. Mimi nilikuwa nampisha."

Mama yule alikunja uso. "Lakini ulisema aibu."

"Ndilo neno nililofundishwa."

Mama wa ustawi akaegemea gari, akapitisha kiganja usoni. "Na mimi nikalibeba vile vile hadi ofisini." Kisha akamtazama mzee aliyekuwa akikohoa. "Lakini mama, heshima haizuii mvua. Kifua kile hakiwezi kulala nje tena."

"Bati liko," Bonareri alisema, akaonyesha paa la jiko lake.

Dereva alipanda juu ya jiko kuyang'oa mabati, Kwamboka akaja na nyundo ya mumewe. Mzee alisimama kando, mgongo kwao, akiamuru: "Kemuma, mwambie dereva msumari ule umepinda kama mguu wangu!" Jua halijazama, bati lilikuwa juu ya nyumba yake. Gari likateremka mlima bila abiria.

Giza lilipoingia mvua ilirudi. Ilinyeshea majivu ya jiko lisilo na paa; ikapiga ngoma ng'ambo ya migomba, juu ya mabati ambayo Bonareri aliyazoea. Bonareri alikuwa amepika sebuleni, moshi ukimtoa machozi, pasipo mtu wa kumwambia kwamba ni moshi. Kemuma alikuwa amelala.

"Kemuma!" sauti iliita kutoka ng'ambo. Mzee alijua vizuri kwamba saa hiyo mtoto hulala. "Kemuma, mwambie mama yako, hapa ni pakavu."

Hapakuwa na wa kulipeleka neno. Bonareri alisimama nyuma ya mlango uliofungwa, mkono kwenye ubao.

"Kemuma," alisema kwa sauti ya kufika mbali, "mwambie tata nimesikia."