Jino la Mbele la Shangazi

Mie tangu mdogo nnaambiwa nna udaku. Si udaku wa maneno ya watu, hata kidogo. Wangu ni wa vitu. Redio ikinyamaza, naifungua. Kuku akichinjwa, nataka kuiona firigisi kabla haijaoshwa. Kwa hiyo shangazi yangu aliponiita nyumbani kwake, mtaa wa Amani, akasema, "Njoo uniangalie kinywa," nilikuwa nshawasha tochi ya simu kabla hajamaliza.

Shangazi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Kila alasiri ukumbi wake hujaa watoto wa mtaa na majuzuu yao, na yeye katikati, juu ya mkeka, kopo lake la tuzo dirishani. Atakusamehe ukichelewa, ukisahau, hata ukisinzia. Herufi hasamehe. Sauti ya dhali hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa meno ya mbele ya juu, na mtoto akithubutu kusema "zambi" atarudishwa mpaka akome. "Rudi. Toa ulimi. Rudi tena." Nami nilipita hapohapo, na mpaka leo nikimsikia mtu mzima anasema "sawabu" badala ya "thawabu" mwili unanisisimka.

"Hebu nsikilize," aliniambia siku ile, akasoma. Penye dhali pakatoka upepo: fyuu. Nilicheka, wallahi sikukusudia. Yeye hakucheka. Jino la mbele lilikuwa limetoboka kwa nyuma na kumeguka ukingoni, na la jirani yake lina doa jeusi.

"Yakitoka haya, chuo nnafunga," alisema. "Siwezi kuwatia watoto wa watu herufi mbovu, nkaja kuulizwa mbele ya Mola." Macho yakamlengalenga. Shangazi yangu huyu sijapata kumuona akilia hata msibani. Niliogopa.

"Nani kalila jino?" nilimuuliza.

"Mdudu. Nani tena?"

Basi hapo udaku ukanipanda. Nilitaka kumuona huyo mdudu. Bibi mmoja wa mtaani anajua kumtoa, tukaenda. Shangazi alifunikwa kanga kichwani, akaachama juu ya bakuli la maji. Katikati ya bakuli kulikuwa na kigae cha moto kilichochomoza juu ya maji, na juu yake zikamwagwa mbegu za tunguja, moshi ukamwingia kinywani. Kanga ilipoondolewa, wadudu hao! Weupe, wembamba, wanaelea. Shangazi akasema alhamdulillahi. Mie nikaomba mbegu zilizobaki.

Jikoni kwangu nikapanga vilevile, bakuli, maji, kigae, mbegu. Jino halikuwepo, wala kinywa. Mie mwenyewe nilisimama mlangoni. Wadudu walewale wakaangukia majini. Kumbe ni viini vya mbegu, vikipata moto vinaruka. Nilicheka peke yangu, kisha nikasikitika, kwa sababu jino la shangazi lilikuwa linauma kama jana.

Nikamburura mpaka kwa daktari wa meno, binti mdogo aliyempa shikamoo kabla ya kumwambia aachame. Nilimsimulia habari ya mbegu, akatabasamu.

"Mdudu yupo," alisema, "ila humuoni kwa macho. Tena wako wengi, wamejijengea utando juu ya meno. Ule utelezi unaousikia kwa ulimi ukiamka, ndio wao. Ukila sukari nao wanakula, kisha wanatoa tindikali, na tindikali inanyonya madini ya jino. Mwanzo huwa doa jeupe tu. Ukilipa jino nafasi, mate yanarudisha madini. Ukilinyima, linatoboka."

Nilikuwa nshasahau kuwa mgonjwa si mie. Nafasi ya muda gani? Nusu saa na zaidi, kila unapoonja kitamu. Hata kidogo tu? Hata kidogo, kuonjaonja kutwa kunadhuru kuliko kula kingi mara moja.

"Mama anapenda vitamu?" aliuliza.

"Sili sukari," shangazi alijibu kwa fahari. "Chai yangu kavu. Halua mpaka sikukuu."

Ni kweli tupu, mie shahidi. Daktari akaziba meno yote mawili. Alisema tumewahi, lakini kinachoyala kisipojulikana yataoza tena pembeni ya zibo, na safari hiyo itakuwa kung'oa.

Usiku ule sikulala! Sukari hali, sasa mdudu anakula nini? Kesho yake nikaenda kukaa nyuma ya watoto, nikawa natazama mkono wa shangazi tu. Haukukawia. Ulishuka kwenye pindo la kanga, ukafundua fundo, ukapanda mdomoni. Ubuyu! Ule mwekundu, wa sukari na hiliki. Akaupachika mbele, akaufyonza na kuukwangua kwa meno yaleyale mpaka kokwa ikabaki nyeupe, akaitema kwenye kikombe. Mkono ukashuka tena. Hivyo hivyo, kutoka alasiri mpaka magharibi.

"Shangazi! Si umesema huli sukari?"

"Ubuyu nao chakula?" Alishangaa kwelikweli. "Huu wa kuchangamshia koo. Mbona nyie nyote mmehifadhi kwa ubuyu wangu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimweleza: uchachu wake peke yake unalilainisha jino, sukari inaleta karamu kwa wale wadudu, na mate hayapati kupumua. Akanisikiliza, na hilo si jambo dogo. Tukapatana ubuyu akiutaka aule mara moja, baada ya chakula, asukutue kwa maji. Mswaki wake wa mti aendelee nao, lakini asubuhi na kabla ya kulala apige na dawa ya meno yenye floraidi, ateme povu, asisukutue, dawa ibaki ifanye kazi. Fundo la kanga alilifungua mbele yangu. Nilirudi kwangu Mji Mkongwe nimejaa majivuno, fumbo nimelifumbua.

Baada ya wiki chache nilipita kumjulia hali. Dhali yake ilikuwa imerudi, safi, na uso umenawiri. Alikuwa amempakata kitoto cha miaka mitano.

"Rudi. Toa ulimi."

Fyuu.

"Rudi tena."

Fyuu.

"Anakuiga wewe wa juzi," nilimtania. Akacheka, akamshika mtoto kidevu ili amwoneshe pahala pa ulimi. Kicheko kikakatika.

"Lete tochi yako."

Meno ya mbele ya mtoto yalikuwa vigutu vyeusi. Nikammulika aliyekaa ubavuni pake, yaleyale. Nikamulika safu nzima. Pale chuoni kila anayehifadhi sura hupewa tuzo, nami zamani nilipewa: ubuyu wa kufyonza huku ukiwasikiliza wenzio. Fundo la kanga tulilifungua. Kopo la tuzo, lililokuwa dirishani siku zote, hatukulikumbuka, si yeye si mie.

"Nnawafundisha herufi," shangazi alisema polepole, "huku nnawala meno."

Mtoto hakuelewa tunatazama nini. Alifumba kinywa, akakunjua kiganja.

"Mwalimu, mie nshahifadhi. Ubuyu wangu?"